Pedali Isiyotaka Kuamka

Jumatatu, 14 Julai

Aibu! Saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tayari niko ndani ya ua wa Wambugu. Si mimi peke yangu. Mimi na gari.

Ilikuwa hivi. Baridi ya kuua mbu. Ukungu umeatamia Kieni yote kama kuku. Nikawasha pikapu, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya nyuma, nikainua mguu. Mguu ukapanda. Pedali ikabaki chini. Imelala! Nikaiita. Nikaitukana. Gari likaanza kuteremka lenyewe, maana boma langu liko juu na la Wambugu liko chini yangu, mahali panapomfaa. Mguu wa kulia ungekuwa kwa breki, lakini mguu wa kulia ulikuwa umeenda kumsaidia ndugu yake kuinua pedali. Hakuna aliyebaki kazini. Ua wa Wambugu ni wa kayaba, miiba urefu wa kidole. Ulinipokea vizuri.

Gari la miezi sita! Jipya! Nililinunua dukani, si la mkono wa pili kama la watu fulani.

Wambugu akatoka na blanketi mabegani na kikombe mkononi. Hakumwaga hata tone. Akauliza, kama nimekuja kwa chai, mbona sikupitia langoni. Nikamwambia ni klachi. Akasema ati gari lake yeye halina klachi, lina pedali mbili tu, na watu wa rika letu waachane na magari yanayotaka miguu mitatu. Kisha akautazama mguu wangu wa kushoto kwa muda mrefu, kama mtu anayenunua mbuzi. Akasema, Baba Kagure, klachi haizeeki kwa miezi sita. Mguu ndio huzeeka.

Mshenzi. Amenipita umri kwa mwaka mzima. Na ni mzee wa kanisa.

Saa mbili simu ikalia. Nikafurahi. Simu yangu hailii sana, isipokuwa watu wa kuniambia nimeshinda kitu. Ilikuwa Kagure, binti yangu wa Murang'a. Furaha ikaisha. Wambugu alikuwa amempigia hata kabla sijatoa miiba kwa bampa! Kagure ni mwalimu. Akaongea nami kwa ile sauti ya darasa la kwanza. Akasema Jumapili anakuja. Kama ni gari, litengenezwe kwa waranti na nimwonyeshe karatasi ya gereji. Kama ni mguu, ataondoka na ufunguo, na mimi nitaondoka pamoja na ufunguo. Ati kuna chumba nyuma ya nyumba yao. Ati kina dirisha.

Nakijua hicho chumba. Dirisha linatazama matangi ya maji. Na mume wake ana tabia ya kunieleza taarifa ya habari baada ya sisi wote kuisikiliza.

Basi. Nina siku sita za kupata karatasi.

Jioni nimeipaka pedali mafuta yake ya kondoo, maana bado inalia kwii, kwii, kama kifaranga. Tangu mwezi wa tano naipaka. Mafuta ya mkia wa kondoo hutibu kifua, nyufa za kisigino na bawaba za mlango. Marehemu baba alipaka baiskeli yake miaka thelathini na haikumtupa hata siku moja. Leo nimeongeza vijiko viwili. Ugonjwa mkubwa, dawa kubwa.

Nimepika githeri ya watu wawili tena. Mke wangu Phyllis ametutoka miaka miwili sasa, lakini mkono haujaambiwa.

Jumanne, 15 Julai

Pedali imelala tena asubuhi, lakini leo nilikuja na akili. Nimeifunga kamba ya katani shingoni. Nikitaka ishuke, nakanyaga. Nikitaka ipande, navuta. Nimetoka langoni nikivuta kama mtu anayepeleka beberu sokoni. Wambugu alikuwa kwa ua akiangalia matawi yaliyovunjika. Nikampungia mkono kwa madaha. Kosa! Ndio mkono uliokuwa na kamba. Pedali ikaruka, gari likazima, kichwa kikasalimiana na kioo. Wambugu akanipungia pia.

Nikafungulia heta hadi mwisho. Magoti yangu yanapenda Mombasa, ingawa mimi mwenyewe sijafika. Nilipopita Kiganjo pedali ikaamka yenyewe. Ikaanza kupanda na kushuka kama mtoto mwenye adabu. Nikaona hiyo ni njama.

Nyeri mjini, gereji ya kampuni iliyoniuzia. Mkubwa wa huduma anaitwa Abdulkadir. Watu wao walikuwa Nyeri kabla ya lami, na ana adabu za wakati huo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za nyumbani. Nikasema nzuri. Swali hilo huulizwa ili lijibiwe hivyo.

Akamwita Harun, fundi mwenye mvi za ndevu na maneno machache. Harun akakanyaga pedali mara hamsini. Nilihesabu. Ikapanda mara hamsini. Msaliti! Nikamwambia akanyage tena akiwa na hasira. Akakanyaga akiwa na hasira. Ikapanda. Abdulkadir akaandika karatasi: hakuna hitilafu iliyoonekana. Akaomba nitie sahihi. Nikatia sahihi ya uongo, ya Wambugu.

Karatasi kama hiyo nikimpelekea Kagure, nimejifungia mwenyewe kwenye chumba cha matangi.

Jambo moja zuri. Hapo mapokezi yuko mama anaitwa Mishi. Alinipa chai ya tangawizi, kikombe kikubwa, na akajaza tena bila kuombwa. Nikamsimulia habari ya ndovu waliokula kabichi zetu na jinsi Phyllis alivyowakimbiza kwa sufuria na mwiko. Mishi ni msikilizaji. Simu ikilia husema, subiri kidogo mzee wangu, halafu anarudi kweli, na anakumbuka ndovu aliwaachia wapi.

La pili. Kuna paka wa gereji, mweupe mwenye madoa ya grisi. Aliingia ndani ya gari langu, akakaa pale miguuni, akakataa kutoka. Mishi akasema paka huyo hampendi mtu yeyote, hata yeye anayempa maziwa. Nikasikia vizuri. Kuna wanyama wanaomjua mtu.

Gari lilikuwa tayari saa tano. Nimeondoka saa kumi.

Jumatano, 16 Julai

Abdulkadir aliniambia, ikikwama tena, piga video, tuma. Rahisi kwa mtu mwenye mikono minne.

Saa kumi na mbili. Pedali imelala fofofo. Mkono mmoja simu, mkono mmoja kamba, mguu mmoja kazini. Nikapiga dakika nne nzima. Nikatuma. Nikanywa uji kama mtu aliyeshinda kesi.

Abdulkadir akapiga saa tatu. Kwa upole mwingi akasema ameona matundu ya pua yangu kwa dakika tatu. Kisha akaona gambuti. Pedali hakuiona, maana gambuti lina ukubwa wa chungu. Akasema pia kuna maneno kuhusu jirani fulani ambayo yeye, kwa heshima, aliyaruka. Kisha akashauri nivae viatu vyepesi. Ati huenda gambuti ndilo linalobana. Yaani kutoka mguu tumehamia kiatu! Wote wanazunguka mguu huu kama nzi.

Nikarudi kwa gari miguu mitupu. Chuma cha Julai, Mungu wangu! Vidole vikaniaga kimoja kimoja. Nikainamisha simu vizuri, nikaona pedali kwenye kioo, wazi, imelala kama mlevi. Nikabonyeza. Simu ikakataa. Ati imejaa.

Nikaangalia imejaa nini. Imejaa maua. Kila alfajiri Wambugu hunitumia picha ya waridi na mstari wa Biblia. Waridi mia tatu na kitu! Nikaanza kufuta. Nikafuta mbili. Ya tatu nikaiacha, nikaziacha zote. Ndizo barua ninazopata.

Mchana jua lilipotoka, pedali ikaamka, nikaenda kuchota maji kwa gari, nikarudi. Hakuna shida. Jioni nikaipaka mafuta tena, nikaingiza kidole hadi ndani kabisa kwenye kiungo, mpaka yakatoka upande wa pili.

Alhamisi, 17 Julai

Mpango mpya. Kama gereji haitaki kusema gari ni gonjwa, daktari aseme mguu ni mzima. Kikiondolewa kimoja, kinabaki kingine. Hesabu hiyo nilifika nayo hadi darasa la nne na bado inafanya kazi.

Nikaenda zahanati ya Chaka. Daktari ni msichana mdogo, Wachuka, shingo imejaa mipira ya kusikilizia. Akaniuliza mguu unauma wapi. Nikasema hauumi popote, ndiyo shida yangu. Akanigonga goti kwa kinyundo. Mguu ukaruka ukaangusha trei yake ya sindano. Nikamwambia aandike hilo.

Hakuandika. Akavuta kiti. Akauliza naishi na nani. Nikasema niko na watu wengi: ng'ombe, kuku kumi na mmoja, na redio. Akauliza kwa siku naongea na nani. Nikasema Wambugu. Akauliza tunaongea nini. Nikasema matusi. Akaandika mambo marefu kwa Kizungu, akakunja karatasi, akanishika bega. Sipendi daktari akinishika bega. Hufanya hivyo akiwa amekosa dawa.

Nikampelekea Beth anisomee. Beth ana bucha hapo Chaka na alisoma hadi kidato cha nne. Akafuta mikono, akasoma. Mguu ni mzima kabisa. Nikaruka! Akaendelea. Mgonjwa anaishi peke yake, familia ishauriwe awe karibu na watu. Nikaacha kuruka.

Angalia ujanja huo! Mstari wa kwanza unaniokoa, mstari wa pili unanibeba hadi Murang'a na kunishusha mbele ya matangi. Nikauliza kama tunaweza kukata karatasi katikati kwa kile kisu chake. Beth akasema muhuri uko chini. Chini ndiko kwenye familia.

Nikanunua kipande cha mkia wa kondoo, kikubwa. Beth akaniuliza kwangu kuna nani amejifungua, maana wiki hii nimebeba mafuta ya kulisha mzazi wa mapacha. Nikamwambia ni ya gari. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema, Mzee Wamae, wewe hautakufa.

Sijui kilichomchekesha.

Ijumaa, 18 Julai

Usiku sikulala, nikafikiria, na alfajiri jibu likaja. Pedali hulala asubuhi, nyumbani kwangu. Harun huiona mchana, mjini, ikiwa imeshaamka. Yaani wanamwona mgonjwa wakati amepona! Basi gari lilale kwao. Nje, kwa baridi. Asubuhi Harun aamke nalo.

Nikaipaka mafuta mara ya mwisho ili wasiseme sikuitunza, nikaenda mjini.

Nilifika wakati wa swala ya Ijumaa. Abdulkadir na Harun walikuwa msikitini, nikawangoja nikiwa na Mishi. Sikukasirika. Nilikuwa na habari ya nyuki bado sijamsimulia. Paka akaniona kwa mbali, akakimbia! Akaingia garini kabla sijafunga mlango. Nikamwambia Mishi huyo sasa ni kama jamaa.

Abdulkadir aliporudi alikubali. Akasema gari lilale uani, na kesho saa kumi na mbili na nusu Harun atalijaribu mbele yangu. Akasema kitu kingine pia. Ikiwa kesho itapanda, Mzee, itabidi tuandike kwamba gari halina neno, na tufunge faili. Alisema polepole. Nikaelewa. Kesho ni ama gari ama mimi.

Sasa, kurudi nyumbani. Nikapiga hesabu ya watu ninaowajua wenye gari. Hesabu ikawa fupi. Nikampigia Wambugu.

Alikuja! Alifika na tai ya kanisa. Tukarudi kwa gari lake la pedali mbili. Mguu wake wa kushoto umekaa tu pale, kama mgeni asiyepewa kazi. Nikamwuliza kama huo mguu hulipwa. Akasema anakuja kesho pia kunipeleka, kwa sababu hawezi kukosa kuona fundi akiniambia ukweli usoni.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiruka mistari. Si uzee. Ni mambo.

Saa kumi na moja nilitoka nikitarajia kumgongea Wambugu dirisha. Alikuwa tayari ndani ya gari, injini inanguruma, kofia kichwani. Sikumwuliza amekaa hapo tangu saa ngapi.

Gereji. Baridi imeshika magari yote, vioo vyeupe. Abdulkadir amejifunga skafu. Mishi ameleta chai ingawa zamu yake huanza saa mbili. Harun akafungua mlango. Akaketi. Akakanyaga.

Pedali ikashuka. Pedali ikabaki.

Nikapiga kigelegele! Mwanamume mzima! Nikamshika Wambugu nikamzungusha, nikamwambia tazama, tazama mguu unaozeeka! Nikamwambia Abdulkadir aandike, aandike sasa hivi, herufi kubwa, ni gari! Mishi akapiga makofi. Siku sita zote zikanitoka mabegani.

Harun hakucheza. Alikuwa amepiga magoti na tochi, kichwa chini ya usukani. Akakaa huko muda mrefu. Akatoa kidole. Akakinusa. Akaninyooshea kidole hicho, akauliza swali moja tu. Mzee, nani amepika humu?

Nikainama. Wueh! Kiungo chote kimegandwa na kitu cheupe, kinene, kama supu ya jana. Springi haionekani. Paka akapita katikati ya miguu yetu, akapanda, akaanza kulamba.

Nikamtazama yule paka. Yeye hakunitazama.

Kisha Harun akaeleza, maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia. Mafuta ya kondoo huganda kwa baridi. Asubuhi yanaikamata pedali kama saruji. Heta ikiwaka, yanayeyuka, pedali inaamka. Ndiyo maana hawakuona kitu. Na kila nilivyozidi kupaka ndivyo ilivyozidi kulala. Nikauliza, na ile kwii kwii? Akatoa kipande kidogo cha plastiki, kama kifungo. Hiki ndicho kilikuwa kinalia. Kina kasoro tangu kiwandani, waranti inakilipia, kukibadilisha ni dakika kumi. Kama ningekuja mwezi wa tano.

Wambugu alikuwa ameegemea ukuta akilia machozi. Alijaribu kusema kitu, akashindwa, akaketi juu ya tairi.

Nikamvuta Abdulkadir pembeni. Nikamwambia aandike tu kile kifungo. Asitaje kondoo. Akasema, Mzee Wamae, waranti inafunika kifungo, haifuniki nyama, na mimi siandiki uongo. Nikamweleza Kagure. Nikamweleza chumba. Nikamweleza matangi. Matangi nikayaeleza mara mbili.

Mishi alikuwa amesikia. Akasema, bosi, andika ukweli, lakini uandike wote.

Abdulkadir akafikiria, akaandika, akagonga muhuri. Nanakili: Pedali ilikwama kwa sababu ya mafuta ya mnyama yaliyopakwa na mwenye gari. Imesafishwa. Kifungo chenye kasoro kimebadilishwa kwa waranti. Mguu wa mwenye gari umeonekana ukifanya kazi vizuri, hata kwa kucheza dansi.

Hiyo ndiyo karatasi yangu. Imeokoa mguu, imenyonga kichwa.

Nimemwapisha Wambugu asimpigie Kagure. Ameapa. Anataka kuona uso wake akiisoma.

Jumapili, 20 Julai

Walifika saa tano. Kagure, mume wake, Ngendo mkubwa wa watoto, na Phyllis mdogo, aliyepewa jina la mke wangu. Kwa desturi yetu huyo ni bibi yangu. Ana miaka sita. Aliingia akaniuliza mbona nyumba yake ni chafu.

Kagure hakuketi. Akaomba karatasi. Akaisoma akiwa amesimama, akairudia, kidole kikifuata mstari, kama anayesahihisha insha. Nikaangalia dirishani. Wambugu alikuwa kwenye ua, anapogoa kayaba. Siku ya Bwana! Mzee wa kanisa!

Kagure akasema, Baba, mafuta ya kondoo? Nikasema ndiyo. Akasema, kwa klachi? Nikasema ndiyo. Mume wake akaanza kueleza kwamba mafuta ya wanyama huganda. Tukamwambia tumesikia. Midomo ya Kagure ikaanza kutetemeka. Nikajua ni hasira, nikajiandaa. Akacheka! Alicheka kama mama yake, kichwa nyuma, mkono kifuani. Sijasikia hicho kicheko ndani ya nyumba hii kwa muda. Hata ng'ombe alinyamaza.

Kisha mtihani. Akasema tuende hadi Chaka na kurudi, mimi usukanini. Phyllis mdogo akakatalia mbele, katikati yetu, juu ya nailoni ya kiti ambacho hakijawahi kukaliwa. Ikalia chini yake kama karatasi ya peremende. Nikatia gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pedali ikapanda laini, kimya. Nikasimama mlimani nikaondoka bila kurudi nyuma hata inchi. Kagure akaangalia mguu wangu njia nzima. Bibi yangu akaniambia naendesha vizuri lakini polepole mno. Nikamwambia hata wa kwanza alisema hivyo hivyo.

Nyumbani Kagure akaniwekea ufunguo mkononi, akaukunja mkono wangu juu yake. Akasema, mguu hauna neno. Kichwa tutaona. Akaniapisha mbele ya watoto: hakuna kitu cha jikoni kitakachoingia tena kwenye gari. Nikaapa. Hakutaja chumba. Nimeshinda! Nimeshinda kesi yote!

Tulikula kuku wawili. Saa tisa wakaondoka. Ati kesho ni shule, ati barabara ni ndefu. Nikasimama langoni mpaka vumbi likaketi.

Niko na sahani sita chafu mezani. Wambugu alikula pia. Sijaziosha. Acha zikae.

Jumatatu, 21 Julai

Pedali imeamka kabla yangu. Imepanda, imeshuka. Haikulia hata kidogo. Nikaendesha hadi langoni, nikarudi. Nikaendesha tena, nikarudi. Gari zuri sana.

Nikampigia Mishi kumshukuru. Akafurahi kunisikia. Kulikuwa na watu wengi mapokezi, nikawasikia. Akasema, kwa kuwa sasa gari halina shida, mzee wangu, tutaonana ukifikisha kilomita elfu kumi. Nikaenda kuangalia kwenye dashibodi. Niko na elfu mbili na mia tisa. Kwa kwenda langoni na kurudi, nitafika nikiwa na miaka mia.

Nikaketi. Nikafikiria vizuri, kama mtu aliyefika darasa la nne. Kabla ya jana, Kagure alikuja mara ya mwisho Pasaka, akakaa saa moja, hata koti hakuvua. Kabla ya hapo, sikumbuki. Halafu Wambugu anapiga simu moja, na baada ya siku sita nyumba imejaa, kuku wawili wameisha, na mtu amecheka.

Gari siwezi kuligusa. Nimeapa, na Mungu alikuwepo, na watoto pia, ambao ni wabaya zaidi kwa kukumbuka. Lakini kuhusu mguu sikuapa chochote.

Saa tatu nikavaa viatu vizuri, nikateremka kwa Wambugu, nikapita mbele ya lango lake nikichechemea. Mguu wa kushoto. Taratibu, na uso wa maumivu. Nikafika kwenye kona, nikapumzika, nikarudi nikichechemea vile vile. Nilikuwa nimeshafika katikati ya lango nilipogundua kwamba sasa nachechemea wa kulia.

Wambugu alikuwa ameketi nje na kikombe chake. Alinitazama nikienda, akanitazama nikirudi. Nilingoja acheke. Hakucheka. Akaweka kikombe chini, akatoa simu mfukoni, akavaa miwani.

Akauliza, Baba Kagure, nimwambie ni upi?

Nikamwambia yote miwili.